Baada ya Upasuaji wa Valvu ya Moyo: Kijitabu cha Wanaouguza Nyumbani

Kijitabu hiki ni cha familia ambayo mtu wao amefanyiwa upasuaji wa valvu ya moyo na sasa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Huenda ni binti wa kidato cha pili. Huenda ni baba aliyekuwa hawezi tena kutoka nyumbani hadi msikitini bila kusimama njiani kuvuta pumzi. Katika nchi zetu wengi wao, hasa vijana, walifikishwa kwenye chumba cha upasuaji na homa ya rumatiki: mafindofindo ya utotoni hayakutibiwa ipasavyo, kinga ya mwili ikageuka kuushambulia moyo, na miaka kadhaa baadaye valvu zikawa zimekakamaa au zinavuja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu wa moyo wa rumatiki.

Miaka ya nyuma Mtanzania aliyehitaji upasuaji wa namna hii alisubiri kupelekwa India. Leo kazi hiyo inafanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kenya ina hospitali za Nairobi na ile ya Tenwek kule Bomet, na Uganda ina Taasisi ya Moyo pale Mulago. Wapo pia waliopasuliwa bila malipo Khartoum, katika kituo cha Salam kilichofunguliwa mwaka 2007 na shirika la Emergency la Italia. Hospitali hizi ni chache na ziko mbali. Mgonjwa akianza kutetemeka kwa homa saa nane za usiku Sumbawanga au Garissa, daktari aliyemshona hayupo. Mliopo ni ninyi.

Kwa hiyo kuna jambo moja tunalotaka kila mtu ndani ya nyumba alishike: mshono ukishapona, kazi ya kuulinda moyo ndiyo kwanza imeanza. Madhara mengi yanayowarudisha wagonjwa hospitalini, au kuwaua, huja wakati ambapo majirani wameshaacha kuja kumjulia hali.

Mjue alichofanyiwa

Moyo una valvu nne, ambazo wengi huziita milango ya moyo. Zinafunguka na kufunga mara 100,000 hivi kwa siku ili damu iende upande mmoja tu. Valvu iliyoharibika ama haifunguki vizuri, ama haifungi sawasawa na damu inarudi ilikotoka. Daktari anaweza kuirekebisha, yaani kuitanua, kuishona, kuiwekea nyuzi au kuizungushia pete, au anaweza kuitoa na kuweka nyingine. Valvu bandia ni za aina mbili. Kuna hizi zinazoitwa za chuma, ambazo kwa kweli kiini chake ni kaboni ngumu, na kuna za tishu zinazotengenezwa kutokana na ng'ombe au nguruwe. Ndugu zetu Waislamu huliulizia sana hilo la nguruwe, na wana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini.

Inapowezekana, kurekebisha ni bora kuliko kubadilisha. Mgonjwa anabaki na valvu yake, hatari ya damu kuganda inapungua, na mara nyingi hatahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Lakini tuseme ukweli ambao mara nyingi hausemwi waziwazi wodini: valvu ya kijana iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, hata ikirekebishwa na mkono hodari, inaweza kuanza kuvuja tena au kukaza baada ya miaka kadhaa. Si kosa la mgonjwa, na si lazima liwe kosa la daktari. Ndiyo maana kliniki haina mwisho.

Msikubali kuondoka hospitalini bila karatasi inayoeleza ni valvu ipi iliguswa, ilirekebishwa au ilibadilishwa, kama kuna pete, dawa gani zinaendelea, na kwa anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), INR yake, yaani kipimo cha mwendo wa damu kuganda, inatakiwa iwe kati ya ngapi na ngapi. Ipigeni picha kwa simu za watu wawili wa nyumbani. Karatasi hulowa, huliwa na mchwa, hupotea kwenye kuhama.

Wiki za mwanzo

Ili kuufikia moyo, mara nyingi mfupa wa katikati ya kifua hukatwa kwa urefu, kisha hufungwa kwa nyaya za chuma cha pua ambazo hubaki humo daima. Mfupa huo huanza kuunga imara baada ya wiki sita hadi nane, na nguvu zake kamili huchukua kama miezi mitatu. Katika kipindi hicho mgonjwa asibebe kitu kizito. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ni kilo 20, na mwanamke aliyezoea kujitwisha anaweza kuinyanyua bila kufikiri, hasa akiona watoto wamechelewa kurudi kisimani. Mtoto wa miaka miwili anayelia abebwe na mwingine. Jembe, mchi na beseni la nguo vingoje. Bodaboda nayo ingoje, kwa sababu ya mitikisiko na kwa sababu ya ajali.

Kuna namna ya kumwinua kitandani. Msimvute mikono wala msimshike makwapani, kwani mfupa unavutwa pande mbili. Ageuke kwanza alalie ubavu, ateremshe miguu, kisha anyanyuke huku mmoja wenu akimsukuma taratibu mgongoni. Akitaka kukohoa, aukumbatie mto kifuani na kuubana. Asiogope kukohoa: makohozi yakibaki ndani huleta nimonia. Anapaswa pia kuvuta pumzi ndefu mara kadhaa kila saa akiwa macho, na kutembea kila siku, leo hadi mlangoni, kesho hadi kwa jirani.

Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kikaushwe kwa kugusagusa bila kusugua. Kisipakwe mafuta, majivu, asali wala unga wa dawa yoyote, hata kama aliyeuleta ni mtu anayemtakia heri. Wekundu ukizidi kusambaa, usaha ukitoka, kukiwa na harufu, au mgonjwa akisikia mfupa ukigonga anapogeuka, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo. Maambukizi yakishaingia kwenye mfupa wa kifua, kufungwa bandeji katika zahanati hakutoshi.

Lipo tatizo jingine la siku na wiki hizi ambalo halionekani kwa nje: maji au damu kujikusanya kwenye mfuko unaouzunguka moyo, moyo ukabanwa ushindwe kujaa. Mgonjwa anazidi kuhema, anapata kizunguzungu akisimama, mishipa ya shingo inatuna, mikono inakuwa ya baridi. Hii ni dharura ya saa, haisubiri asubuhi. Wengine hupata homa na maumivu ya kifua yanayozidi wakivuta pumzi au wakilala chali, wiki moja hadi sita baada ya upasuaji. Mara nyingi huo ni utando wa nje wa moyo uliovimba kwa sababu ya kuguswa, na una dawa. Lakini asiyekuwa na kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) hawezi kuutofautisha na hatari nyingine, basi apelekwe.

Moyo kwenda bila mpangilio ni jambo la kawaida sana baada ya upasuaji wa valvu. Humpata mgonjwa mmoja kati ya watatu, pengine zaidi, hasa wiki ya kwanza, na linaweza kumfuata nyumbani. Jifunzeni kuhesabu mapigo. Wekeni vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, mhesabu dakika nzima akiwa ametulia. Mapigo yakizidi 120, au yakiwa yanaruka na kukimbiana bila utaratibu na hayakuwa hivyo jana, pigeni simu kliniki. Moyo unaokwenda hivyo huacha damu ituame, na damu iliyotuama huganda, na bonge likipanda ubongoni ni kiharusi.

Msishangae mgonjwa akilia bila sababu, akiota ndoto za kutisha, akisahau majina, akikasirika upesi. Wengi hupita hapo, na wengi hutulia ndani ya wiki au miezi michache. Msimwambie hana shukrani. Ikiwa mwezi wa pili unaisha na bado hali, halali na hataki kuona mtu, hiyo ni sonona, nayo inatibika.

Wanandoa huona haya kuuliza, kwa hiyo tunajibu: kwa kawaida tendo la ndoa linaweza kurudi baada ya wiki sita hadi nane, mgonjwa akiwa anapanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema wala kuumwa kifua, na kwa mkao usiolemea kifua chake.

Homa

Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu akichemka anakwenda duka la dawa, anapewa dawa mseto, na pesa ikibaki anaongezewa antibayotiki za siku tatu. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa valvu, mazoea haya yanaua. Tunalisema kwa mkazo kwa sababu ni kosa linalofanywa na watu wanaompenda mgonjwa.

Bakteria wakiingia kwenye damu, kwa mfano kutoka kwenye jino bovu, hupata pa kujishikiza kwenye valvu iliyoshonwa, kwenye pete au kwenye valvu bandia. Hapo hujijengea makao, huila valvu polepole, na vipande hukatika na kusafiri hadi ubongoni, kwenye figo au kwenye wengu. Dalili zake mwanzoni hazitishi: homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda, uchovu, chakula kutopanda. Pengine vinaonekana vidoa vyekundu kwenye ngozi au mistari myeusi chini ya kucha. Mtu anaweza kuishi nayo wiki tatu akiambiwa ni taifoidi.

Kinachotegua kitendawili ni kuotesha damu maabara, damu itolewe zaidi ya mara moja kabla antibayotiki haijaanza. Vile vidonge vya siku tatu haviui bakteria wote. Vinawaficha tu wasionekane kwenye kipimo. Tiba yenyewe ni dripu za antibayotiki kwa wiki nne hadi sita, na mara nyingine kifua kufunguliwa tena.

Kwa hiyo joto likifika nyuzi 38, nendeni hospitali. Malaria ipimwe, maana nayo ipo na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Lakini semeni maneno haya kwa sauti, hata kama foleni ni ndefu na mhudumu amechoka: "Huyu amefanyiwa upasuaji wa valvu ya moyo. Tunaomba damu ya kuotesha itolewe kabla hajapewa antibayotiki." Ikiwa kituo hakina uwezo huo, ombeni rufaa. Kama malaria imetibiwa na homa bado ipo baada ya siku mbili, rudini.

Kinga kubwa iko mdomoni. Apige mswaki asubuhi na usiku, meno mabovu yatibiwe mapema. Mwenye valvu bandia, mwenye pete au aliyewahi kupata maambukizi haya, kabla ya kung'olewa jino au kukwanguliwa ufizi hupewa dozi moja ya antibayotiki; kwa mtu mzima asiye na mzio wa penisilini kwa kawaida ni amoksilini gramu mbili, dakika 30 hadi 60 kabla. Daktari wa meno hawezi kujua msipomwambia.

Yapo na mengine ya nyumbani kwetu. Kukata kimeo kwa mtoto anayekohoa, kuchanja chale, kutoga masikio kwa mganga, kupiga chuku: yote hufungua njia kwa bakteria, na kwa anayetumia warfarini hufungua damu isiyokatika upesi. Tunajua hijama ina heshima yake kwa Waislamu wengi. Mwenye valvu iliyopasuliwa asiifanye mpaka azungumze na daktari wake.

Warfarini

Watu huiita dawa ya kuyeyusha damu. Damu haiyeyuki, dawa inapunguza tu mwendo wake wa kuganda. Mwenye valvu ya chuma ataitumia maisha yote. Aliyerekebishwa valvu au kuwekewa ya tishu mara nyingi huitumia kama miezi mitatu, ila akiwa na moyo unaokwenda bila mpangilio huendelea.

Mtaani mgonjwa ataambiwa anakunywa sumu ya panya. Aliyesema hakudanganya kuhusu asili yake: warfarini ilitoka kwenye utafiti wa majani yaliyooza yaliyokuwa yakiua ng'ombe kwa kuvuja damu Marekani, ikauzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na kuanzia 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Rais Eisenhower wa nchi hiyo aliinywa baada ya mshtuko wa moyo mwaka 1955. Tofauti ni kipimo, na kipimo hicho ni INR. Mwenye valvu ya chuma upande wa aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni) mara nyingi hutakiwa awe kati ya 2 na 3. Upande wa mitrali (valvu iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, valvu inaweza kukwama kwa damu iliyoganda. Ikipanda mno, anavuja ndani kwa ndani. Mtu hawezi kuhisi INR yake. Anajisikia mzima ikiwa 1.2 na anajisikia mzima ikiwa 6.

Hapa ndipo familia nyingi hushindwa, na si kwa ujinga. Nauli ya kwenda kupima, siku ya kibarua inayopotea, kipimo kisichopatikana wilayani, duka kuishiwa dawa. Tunachoshauri ni kupanga mapema. Dawa inunuliwe zikiwa zimebaki siku kumi, si moja. Nauli ya kliniki iwekwe kando mshahara au mauzo yakiingia, kama inavyowekwa ada ya shule. Ulizeni hospitali ya mkoa kama ina mashine ndogo ya kupima INR kwa tone la kidoleni, na kama majibu yanaweza kutumwa kwa simu kwa daktari aliye mbali. Upimaji mwanzoni huwa wa kila wiki, baadaye ukitulia huwa wa kila mwezi au kwa muda atakaopanga daktari.

Kidonge kinywewe saa ileile kila siku, na wengi huchagua jioni. Akisahau na akakumbuka siku hiyohiyo, anywe. Akikumbuka kesho, asirudufu. Kila mnaponunua someni namba ya miligramu kwenye pakiti, kwa sababu vidonge vya nguvu tofauti hufanana. Kwa anayefunga Ramadhani, warfarini inaweza kuhamia baada ya futari bila shida. Wanaotumia dawa za kukojoa au ambao moyo wao bado dhaifu wamwone daktari kabla mwezi haujaandama.

Mboga za majani zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Wengine wakiambiwa hivyo huacha mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki kabisa, wakabaki na ugali na chumvi. Si sahihi. Ale kiasi kilekile kila wiki. Hatari ni kula majani mara tatu kwa siku msimu wa mvua na kutoyagusa kiangazi, bila kupima.

Dawa nyingine ndizo zinazovuruga zaidi. Septrini, metronidazoli na flukonazoli huipandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana, na ikishasimamishwa INR hupanda tena. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo watu hununua kwa maumivu ya mgongo kama pipi, huongeza kuvuja damu tumboni. Aspirini inywewe ikiwa tu daktari wa moyo ndiye aliyeiandika. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli, nayo isizidi siku chache bila kupima. Mizizi na dawa za unga zisizojulikana kilichomo hazina mahali kwa mtu huyu. Pombe nayo huiyumbisha INR.

Kuna dawa mpya zisizohitaji kupima INR, na ndugu walio Ulaya au Ghuba hupenda kuzituma kwa nia njema. Mwenye valvu ya chuma asizitumie. Dabigatrani ilipojaribiwa kwa wagonjwa kama hao, utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya mabonge ya damu na kuvuja. Mwaka 2022 utafiti mwingine kwa wagonjwa wa moyo wa rumatiki wenye mapigo yasiyo na mpangilio ulionyesha kwamba waliotumia dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani.

Mwenye valvu ya chuma hutoa mlio mdogo kifuani, tiki-tiki, unaosikika usiku nyumba ikiwa kimya. Mke au mume anayelala naye huuzoea mpaka hausikii tena. Tunaomba msiache kuusikiliza. Ukififia au ukipotea, na hasa akiwa anahema, valvu inaweza kuwa imekwama, na hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo. Vilevile akijigonga kichwa, hata kama hana jeraha na anasema yuko salama, mpelekeni akaangaliwe. Kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokatika baada ya dakika 15 za kubana, na maumivu makali ya ghafla ya kichwa havingoji kesho.

Sindano ya penisilini

Upasuaji hutengeneza valvu. Hauondoi homa ya rumatiki. Mafindofindo yakirudi, kinga ya mwili inaweza kuushambulia moyo upya, na valvu iliyorekebishwa kwa gharama kubwa ikaharibika pamoja na zilizokuwa nzima. Ndiyo sababu mtoto au kijana anaendelea na penisilini ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, wengine maisha yote. Sindano inauma, na mtoto wa miaka 12 atabuni kila sababu. Andikeni tarehe ukutani. Mwambieni mwalimu wa darasa, ili asimwadhibu kwa kukosa vipindi siku ya sindano. Mhudumu aambiwe kama mgonjwa anatumia warfarini, na kwa ambaye moyo wake bado ni dhaifu sana daktari anaweza kuamua vidonge badala ya sindano. Uamuzi huo ni wake. Msiache kwa kujikadiria.

Binti, ndoa na mtoto

Wengi wa wagonjwa hawa ni wasichana, na swali la ukoo huja mapema: atazaa lini? Hili lina uzito, na tunaomba mama mkwe na mawifi wasome sehemu hii pia.

Aliyerekebishwa valvu na moyo wake una nguvu mara nyingi anaweza kubeba mimba salama akiangaliwa na daktari wa moyo na wa uzazi pamoja. Mwenye valvu ya chuma yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Warfarini inaweza kumlemaza mtoto, hasa mimba ikiwa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na kuiacha ghafla kunaweza kumuua mama kwa damu kuganda kwenye valvu. Hakuna njia ya mkato kati ya hayo mawili. Zipo sindano za heparini na mipango ya kubadilisha dawa, lakini hupangwa kabla ya mimba. Akikosa siku zake, apime mara moja na aende kliniki wiki hiyohiyo, akiendelea kunywa dawa mpaka aambiwe vingine.

Mpaka afike hapo anahitaji uzazi wa mpango. Vidonge vyenye estrojeni huongeza kuganda kwa damu, kwa hiyo avikwepe. Vijiti na njia nyingine zisizo na estrojeni zijadiliwe na mhudumu. Mume aende naye. Mwanamke asiachiwe abebe peke yake siri ya uhai wake huku akidhaniwa tasa.

Valvu ikianza kuvuja tena

Ishara huja taratibu. Aliyekuwa analalia mto mmoja anaomba wa pili, kisha wa tatu. Viatu vinabana jioni. Anakohoa akilala. Anaamka usiku akitafuta hewa dirishani. Mpimeni uzito kila asubuhi kwenye mzani uleule, kabla ya chai. Akiongezeka zaidi ya kilo mbili kwa siku mbili au tatu, hayo ni maji na si kunenepa. Chumvi ipunguzwe kwa nyumba nzima, maana mgonjwa aliyepikiwa sufuria yake hula kwa huzuni na huishia kuonja ya wenzake. Kipimo cha eko hufanywa miezi ya mwanzo na baadaye angalau mara moja kwa mwaka hata kama hana dalili, kwa sababu valvu huanza kuvuja kabla mgonjwa hajahisi. Kufanyiwa upasuaji wa pili mapema kuna matumaini mengi kuliko kuletwa moyo ukiwa umeshapanuka na kuchoka.

Usiku wa dharura

Uso ukienda upande, mkono mmoja ukilegea, maneno yakivurugika, ni kiharusi. Angalieni saa dalili zilipoanza na mwende hospitali yenye kipimo cha sitiskani kama ipo karibu. Msimpe aspirini, kwani huenda kiharusi hicho ni cha kuvuja damu. Msimpe maji wala chakula, anaweza kupaliwa. Kuzimia, maumivu makali ya kifua na kuhema akiwa amekaa tu, yote ni ya kwenda sasa.

Usafiri ndio unaochelewesha. Kaeni leo mkubaliane ni gari la nani litakaloitwa usiku, namba ya dereva iko wapi, nani atabaki na watoto na nani atashika karatasi. Andikeni kwa kalamu nene: jina la mgonjwa, upasuaji aliofanyiwa na tarehe yake, dawa na miligramu zake, INR ya mwisho, namba ya kliniki. Nakala moja ibandikwe nyuma ya mlango, nyingine akae nayo mgonjwa kwenye pochi yake kila atokapo. Ifanyeni kazi hii leo kabla hamjalala.